Wajaji Hawafi

Haya hayakutokea kwetu. Kwetu mambo ni shwari, na asemaye vingine ana lake. Yalitokea Heri Sisi, jamhuri ya mbali ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaikosa, na ukifumba macho utaiona.

Heri Sisi ilikuwa na watu wa namna mbili. Wenye nchi waliitwa Wenyewe. Waliovuka daraja kutoka Ng'ambo kuja kutafuta riziki waliitwa Wajaji, na waliendelea kuitwa hivyo hata kama aliyevuka alikuwa babu yao. Wenyewe waliimiliki nchi. Wajaji waliifagia, waliipikia, waliijengea ghorofa na kuilelea watoto. Mgawanyo huo ulikuwa wa haki kabisa, maana uliamuliwa na Wenyewe, na haki walikuwa wanaijua wao.

Basi mwaka mmoja dawa zikaisha hospitalini. Mwaka uliotangulia zilikuwa zimeisha pia, na ule wa nyuma yake vilevile, ila huu ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kwa hiyo zikaisha kwa kishindo. Mheshimiwa Tindwa, Waziri wa Afya na Mipaka, akasimama bungeni. Wizara hizo mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa hoja kwamba kazi yao ni moja, kuzuia vitu visiingie. Mheshimiwa akakohoa, akapangusa jasho la shingo, akatangaza kwamba mwizi amepatikana.

"Mheshimiwa Spika, dawa zetu zimenywewa na Wajaji! Wanavuka daraja na kikohozi mkono wa kulia, homa mkono wa kushoto. Na sisemi haya kwa chuki, Mheshimiwa Spika. Nasema kwa sayansi. Sayansi yenyewe itafuata."

Sayansi yenyewe alikuwa Daktari Sihaba Lukanga, mtakwimu wa wizara, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini na ofisi ya chini zaidi, kwani alipewa chumba cha uvunguni mwa ngazi, akawa anajua viatu vya viongozi wote kabla ya kujua sura zao. Aliitwa ghorofani mchana uleule.

"Daktari," Waziri alimwambia, "nataka ushahidi kwamba Wajaji ni wagonjwa. Uchunguze kwa uhuru kabisa, mradi ufike hapo."

"Inawezekana kuchunguza, Mheshimiwa," Sihaba akajibu. "Ofisi ya Vizazi inajua nani kazaliwa. Ofisi ya Uhamiaji inajua nani kavuka daraja. Hospitali zinajua nani kaugua. Ofisi ya Vifo inajua nani kafariki. Kila ofisi inamjua mtu kipande. Tukizioanisha takwimu hizo, tutamwona mtu mzima, tangu alipoingia hadi mwisho wake. Majina tutayaondoa, tuweke namba, ili siri ya mgonjwa ibaki siri."

Katika maelezo yote hayo Waziri alisikia neno moja.

"Kuoanisha!" Uso ukamng'aa. "Sasa umesema. Na mahari anatoa nani?"

Sihaba alijaribu kueleza kwamba kuoanisha takwimu ni jambo la kompyuta. Akachelewa. Kamati ya harusi ilikuwa imeshaundwa na imeshaomba posho.

*

Ndoa ya Takwimu ilifungwa Jumamosi katika Ukumbi wa Taifa. Ofisi ya Vifo ilikuwa bwana harusi, kwa kuwa siku zote neno la mwisho ni lake. Ofisi ya Vizazi ilikuwa bibi harusi, ikafunikwa ushungi, kompyuta na meza yake. Hospitali zilikuwa mshenga. Ofisi ya Uhamiaji ilifika imechelewa, ikasimama mlangoni na kuwaomba waalikwa hati za kusafiria.

Waziri akatoa nasaha. "Takwimu zangu, vumilianeni. Ofisi ya Vifo, usimchukue kila anayeletwa na mwenzako. Na wewe Ofisi ya Vizazi, usizae ovyo, bajeti hamna."

Watu wakapiga vigelegele. Sihaba, aliyekaa meza ya nyuma karibu na spika za muziki, alitamani ardhi ipasuke. Lakini lazima isemwe kwamba harusi ile ilifanya kazi. Wakuu wa ofisi hizo walikuwa hawasemeshani tangu ugomvi wa birika la chai ambao hakuna aliyekumbuka ulivyoanza, na kwa miaka yote hiyo Sihaba aliwaandikia barua za kuomba rekodi, wakamjibu kwa barua za kuuliza kwa nini ameandika. Sasa walilishana keki, wakalia kidogo, wakatoa rekodi zote. Hapo akajifunza kwamba barua hufungua jalada, na pilau hufungua moyo.

Jumatatu Katibu Mkuu wa wizara aliteremka uvunguni mwa ngazi.

"Waziri anauliza, yale majina ya wagonjwa yako wapi?"

"Yameondolewa, Bwana Katibu."

"Yamekwenda wapi?"

"Sehemu ambayo hata mimi siifikii. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu alimweleza daktari kuhusu kifua chake, hakuieleza serikali."

Katibu Mkuu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevua viatu akaingia navyo mkononi. "Daktari, nchi hii siri ya mtu mmoja ni uchochezi." Lakini majina hakupata, kwa sababu kweli Sihaba hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomwokoa.

*

Matokeo yalipotoka, Sihaba aliyarudia mara kadhaa kabla ya kupanda ngazi. Alikuta baraza zima la wizara limejipanga na soda mezani.

"Tupe wagonjwa wetu," Waziri akasema akisugua mikono.

"Mheshimiwa, Wajaji wanapoingia nchini ni wazima kuliko Wenyewe. Shinikizo lao la damu liko chini. Kisukari hawana. Hospitalini hawaonekani."

Soda ikachemka ndani ya glasi.

"Maana yake wanaficha," Waziri akaamua. "Andika hapo: wana afya ya kificho. Endelea."

"Jambo la kawaida tu, Mheshimiwa. Anayeamua kuvuka mto na godoro kichwani ni yule mwenye nguvu. Mgonjwa hubaki kwao. Lakini wakikaa hapa miaka mingi, hali hubadilika. Wanaanza kuugua kama sisi, na wengine zaidi yetu. Kazi zetu, vyumba vyetu, moshi wetu..."

"Unataka kusema nchi yangu ni ugonjwa?"

"Takwimu ndizo..."

"Takwimu nimezioza mimi, zitanisikiliza mimi! Ruka hapo. Vifo je?"

Sihaba akasita. Hapo ndipo palipomtatiza na yeye. "Kwenye vifo kuna kasoro, Mheshimiwa. Kwa rekodi tulizonazo, Wajaji wazee karibu hawafi. Wapo wenye miaka mia na zaidi, wengi tu. Nimeweka tanbihi ndefu chini ya ukurasa, kwamba..."

Hakuna aliyesikia habari ya tanbihi. Waziri alikuwa amesimama, mdomo wazi, glasi imemwinamia mkononi, soda inamwagikia tai.

"Hawafi?"

"Kwa rekodi, Mheshimiwa. Tanbihi inasema..."

"HAWAFI!"

Jioni hiyo redio ya taifa ilikatiza taarabu. Kufikia asubuhi nchi nzima ilijua kwamba Wajaji hawafi, na kwamba siri hiyo wameificha tangu uhuru. Wenyewe walianza kuwatazama wafagizi wa barabara kwa jicho jipya. Mbunge mmoja aliomba mwongozo: kama hawafi, nani atarithi nchi? Mwingine akauliza wanakula nini, na kufikia saa sita mchana bei ya mihogo ilikuwa imeota mbawa.

Kisha likaanza jambo jipya. Wenyewe wakataka kuwa Wajaji. Watu wazima wenye vitambi na viwanja wakawa wanavuka daraja alfajiri, wanakunywa chai Ng'ambo, kisha wanarudi na godoro kichwani wakisema "Jamani, tunaomba hifadhi" kwa lafudhi ya kujifunzia redioni. Ofisi ya Uhamiaji, ambayo kazi yake ilikuwa kukataa watu, ililemewa kwa kukosa namna ya kuwakataa wakubwa. Mheshimiwa Tindwa alivuka siku ya pili. Godoro lake lilibebwa na dereva. Alirudi na kadi ya Ujaji yenye picha yake akitabasamu, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Na kwa kuwa alikuwa kiongozi mwepesi wa kufikiri, alitoa amri kabla ya chakula cha mchana: zahanati ya Kandoni, mtaa wanakoishi Wajaji, ifungwe, na Mjaji yeyote asipokelewe hospitali yoyote ya umma. "Asiyekufa," amri ilisema, "anatafuta nini kwa daktari?"

*

Sihaba alisoma amri hiyo ubaoni. Ile takwimu ya wasiokufa ilitoka mezani pake. Alichukua mkoba wake, akaenda Kandoni kwa miguu.

Kandoni alikuwa na mtu. Bibi Nyamizi ndiye aliyemlea. Mama yake Sihaba alipokuwa akishinda kazini, Nyamizi ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemfundisha kuhesabu kwa kokwa za maembe. Alimkuta amekaa juu ya kifurushi cha nguo mbele ya chumba chake, miguu imevimba kama mikate, anahema kama aliyepanda mlima. Pembeni lori la mkaa lilikuwa linapakia watu na vyombo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniaga? Nani kakuambia?"

"Unakwenda wapi na hali hii?"

"Kwetu, kufa." Alisema kama mtu anayesema anakwenda sokoni. "Usinitolee macho. Kila mtu hapa hufanya hivyo. Ukiona pumzi inakuwa fupi, unapanda lori ukiwa bado unaweza kupanda. Hapa kufa hakuwezekani."

"Hakuwezekani vipi?"

Bibi Nyamizi akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Wewe msomi wa wizara hujui? Mjaji kuzikwa Heri Sisi ni lazima awe na Kibali cha Makazi ya Kudumu. Kaburi wanalihesabu ni makazi. Na kibali hakitolewi mpaka mwombaji afike ofisini mwenyewe, na maiti haijibu maswali. Basi tunawahi. Tunafia Ng'ambo, tunazikwa Ng'ambo, na huku hakuna anayetuuliza. Nasikia redioni eti hatufi. Hata mimi nilifurahi."

Sihaba alikaa chini vumbini, suti na yote. Tanbihi yake ilikuwa imekisia kwamba huenda wazee wanaondoka. Haikukisia kwamba wanaondoka na miguu iliyovimba, juu ya magunia ya mkaa, kwa saa nyingi za mashimo, wakikimbizana na pumzi zao wenyewe. Wazima huja, wagonjwa huondoka, na kinachobaki kwenye kompyuta ni kizazi cha watu wa milele.

"Ulipokuja ulikuwa na nguvu, Bibi. Nakumbuka ulinibeba mgongoni na ndoo kichwani."

"Nilikuwa na nguvu, nikaziacha jikoni kwenu na kwa majirani zenu. Sinung'uniki. Nyingine ziko ndani yako." Akajaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena. "Nisaidie nipande, lori litaniacha."

"Halikuachi," Sihaba akasema. "Linaondoka bila wewe."

Alimwinua kwa kumpitishia mkono kwapani, wakaenda polepole hadi zahanati ya Kandoni. Mlangoni palikuwa na utepe wa serikali wenye nembo ya taifa, na chini yake, kwenye ngazi, amekaa Nesi Apolonia, mwanamke mnene mwenye hasira za haki, anachambua mchicha.

"Imefungwa," Apolonia akasema bila kuinua macho. Kisha akainua, akamwona Nyamizi. "Huyu moyo wake umejaa maji. Vidonge vyake ninavyo humo ndani. Lakini mimi nina watoto watatu, Daktari, utepe siukati."

Sihaba alikuwa mtu aliyepanga foleni maisha yake yote. Aliutazama utepe. Akaushika, akauvuta, ukakatika kwa urahisi wa ajabu, maana zabuni yake ilipewa shemeji wa mtu.

"Umekatwa na upepo," Apolonia akasema, akaokota mchicha wake, akaingia kuwasha jiko.

*

Siku chache baadaye Mheshimiwa Tindwa alikuwa kwenye hafla ya kupokea mashuka ya msaada. Alikuwa amekula mbuzi wa kutosha, maana tangu apate kadi ya Ujaji aliacha vidonge vyake vya shinikizo na kurudia chumvi. Katikati ya hotuba alishika kifua, akalalia mashuka.

Dereva alimkimbiza Hospitali ya Taifa. Mapokezini, kijana nadhifu mwenye tai aliingiza mkono mfuko wa shati la mgonjwa, upande wa moyo, akatoa kadi, akaisoma, akairudisha.

"Samahani sana. Mgonjwa ni Mjaji. Hatupokei, amri ya Waziri."

"Waziri ndiye mimi!" Tindwa akakoroma.

"Haiwezekani, mzee. Waziri ni Mwenyewe, katiba inataka hivyo. Wewe ni Mjaji."

"Nakwambia ni mimi mwenyewe!"

"Hapana, mzee wangu. Wewe si Mwenyewe." Akamwonyesha mlango wa kutokea. "Na usiwe na wasiwasi. Hamfi."

Dereva alikuwa amemtumikia Waziri miaka mingi, na nyumbani kwake kulikuwa Kandoni, jambo ambalo Waziri hakuwahi kuuliza. Aligeuza gari.

Hivyo ndivyo Waziri wa Afya na Mipaka alivyolazwa kwenye zahanati aliyoifunga, juu ya kitanda cha kamba, kitanda cha pili kutoka kwa Bibi Nyamizi. Apolonia alimwekea kidonge chini ya ulimi na kumwambia anyamaze, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu achaguliwe. Alipozinduka vizuri, aliona mwanamke mzee amekaa kitandani anakunywa uji, miguu imenywea, macho yamechangamka.

"Wewe unaumwa nini?" akanong'ona.

"Moyo, baba."

"Moyo? Lakini ninyi si..."

"Ndiyo, nilisikia. Na wewe je? Si umeshakuwa mwenzetu?"

Waziri aligeukia ukutani. Baadaye kidogo bega lake likaanza kutetemeka, na Sihaba, aliyekuwa anapanga vidonge, hakujua kama analia au ni mbuzi.

"Daktari," akaita bila kugeuka. "Ile tanbihi. Inasemaje?"

Sihaba akavuta kigoda, akamsomea tanbihi nzima, polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, Bibi Nyamizi akampa Waziri nusu ya uji wake, na Waziri akanywa.

Amri mpya ilitolewa kabla hajatoka kitandani. Zahanati ifunguliwe, Wajaji wapokelewe kila hospitali, na kibali cha kaburi kifutwe. Usiulize kama ilikuwa toba au woga. Heri Sisi vilikuwa vinauzwa duka moja.

*

Lori la mkaa likaanza kuondoka bila wazee. Bibi Nyamizi alipata miezi mizuri. Alikwenda sokoni kwa miguu yake, akagombana na wauza dagaa, akamfundisha Sihaba kupika kisamvu ambacho Sihaba hakukiweza. Moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani, na mwisho ulichoka kabisa, asubuhi moja, kitandani kwake, Sihaba akiwa amemshika mkono. Alizikwa juu ya mteremko wa Kandoni. Ofisi ya Vifo ilimwandika.

Mazishini alifika Mheshimiwa Tindwa na msafara, maturubai na kipaza sauti. Kura zilikuwa zimekaribia, na Wajaji wenye wajukuu wapiga kura walikuwa wengi.

"Ndugu waombolezaji!" akaanza. "Kwa miaka mingi Wajaji wa nchi hii walinyimwa kifo. Serikali zilizopita ziliwaahidi, zikawadanganya. Serikali hii, kwa kutumia takwimu zilizooanishwa, imewafikishia huduma hiyo hadi mlangoni! Leo tunashuhudia Mjaji akifa kama mtu yeyote, kwa heshima, ndani ya mipaka yetu. Haya ni maendeleo!"

Msafara ukapiga makofi. Waombolezaji wakatazamana. Mwanamke mmoja mzee alicheka huku machozi yanamtoka, wengine wakafuatia, na kwa muda mteremko mzima ulikuwa unalia na kucheka kwa pamoja. Sihaba hakucheka. Alisogea hadi kwenye kipaza sauti, akamgusa Waziri mkono.

"Mheshimiwa, hujamtaja jina."

Waziri akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Wewe si ulikataa majina?"

"Nilikataa ya wagonjwa. Huyu tunamzika."

"Anaitwa nani?"

Sihaba akamnong'oneza: Nyamizi binti Kasumbula.

Waziri akajiweka sawa, akavuta pumzi, akasema kwa sauti nzito: "Marehemu Bi. Nyanzimi binti Kasumula!"

"Nyamizi binti Kasumbula!" Kandoni nzima ikamsahihisha.

Waziri akashtuka, akarudi nyuma hatua moja, akarudia. Akalikosea tena. Wakamsahihisha tena, kwa sauti kubwa zaidi, majembe yakiwa yamesimama, na hakuna aliyetupa hata bonge moja la udongo mpaka alipolipata.